Ukurasa wa Onyo

Nyumbani kwao walimwita Soma Kwanza, na jina hilo hakulipata bure. Kazi yake ni kuandika vile vijitabu vinavyofungwa pamoja na pasi, blenda na majiko ya umeme, vile ambavyo wewe na mimi tunavitupa na boksi lake, halafu mambo yakiharibika tunarudi kuvitafuta kwenye taka. Hana shaka na kazi yake hata chembe. Mtu akimlalamikia kwamba blenda imeungua, humtazama tu na kumuuliza, "Ulisoma kwanza?" Hapo maneno huwa yamekwisha.

Jumamosi hiyo alikuwa amesimama jikoni kwa baba yao, karatasi mkononi, akingoja zamu yake kama mtu aliyekwisha kushinda. Kaka yake alikuwa ameshashindwa, na mdogo wake alikuwa njiani kushindwa.

Shida yenyewe ni hii. Mzee alikuwa na uvimbe kwenye mshipa mkubwa wa damu, huko tumboni, uvimbe usiouma, uliogunduliwa alipokwenda kupimwa jambo jingine kabisa. Daktari alisema mshipa huo ukipasuka ni vigumu mno kumwahi. Akampa nafasi ya upasuaji Jumatatu, na jibu alilitaka leo kabla ya saa nane mchana, la sivyo nafasi anapewa mgonjwa mwingine. Mzee akasema yeye haumwi, akaenda zake kumwagilia maua.

Na kubishana naye kwa mdomo usijaribu. Mashine za kiwanda cha uchapaji zilimmaliza masikio yote mawili. Huko alikuwa msahihishaji, yule anayesoma kila kitu kabla hakijachapwa, kuanzia hotuba za wakubwa hadi vibandiko vya sumu ya panya. Masikio yalipokwisha, alitangaza kwamba mwenye neno aliandike. Basi ukiwa na lako unaliandika, unalisogeza mezani mbele yake, naye anachukua penseli yake nyekundu na kukusahihisha kama vile hakujui.

Kaka mtu, karani wa bima, ndiye aliyetangulia. Alipeleka ripoti yenye utangulizi, matokeo ya uchunguzi, hitimisho na mapendekezo, kila aya na namba yake. Humo ndani baba yake mzazi aliitwa "mgonjwa tajwa". Ilirudi na maandishi mekundu kwa chini: *Ripoti safi, imepangika. Lakini kazi ya ripoti ni kunipa habari, na habari ninayo. Mgonjwa tajwa anakusalimu.*

"Eti anakusalimu," kaka alinung'unika, akaitupa karatasi juu ya friji asiione tena.

Kitindamimba, ambaye hutunga matangazo ya redio, alitumia silaha zake. Sentensi fupi, maneno ya kuimbika, alama za mshangao kila kona. *Baba! Lala kidogo, amka kijana! Miaka mipya inakungoja!* Hilo nalo lilirudi kabla chai haijapoa: *Tangazo. Linavutia, linarudiarudia, linatia chumvi. Tangazo halisemi ubovu wa bidhaa hata siku moja. Ndiyo maana sinunui vitu vya redioni.*

"Huyu mzee atakufa na penseli mkononi," kitindamimba alisema huku akifuta machozi, "halafu aisahihishe tanzia yake mwenyewe."

"Nyie hamjui kuandika kitu kikamfanya mtu atende," Soma Kwanza alisema. "Mimi wananitii watu wasionijua hata sura. Angalieni."

Akaingia sebuleni, akaiweka karatasi yake mezani, akaketi. Ilikuwa kazi ya fundi, hilo lazima tumpe. Hatua kwa mpangilio, kila hatua inaanza na amri, hakuna "tafadhali" wala "labda". Funga mkoba. Usile chochote usiku wa Jumapili. Vua pete na saa. Mzee aliisoma yote, akaongeza koma moja mahali ilipostahili, akaandika chini na kumgeuzia.

*Maelekezo huandikiwa mtu aliyekwisha kununua. Mimi bado nimesimama mlangoni mwa duka.*

Soma Kwanza aliisoma mara mbili. Na kosa hilo lingefanywa na nani mwingine? Miaka yote amewaandikia watu ambao boksi liko tayari mezani kwao. Mtu ambaye bado anaamua hajawahi kumwandikia hata mstari. Aliitazama saa ya ukutani na kwa mara ya kwanza siku hiyo akaogopa kweli.

Mzee alikuwa anaangalia dirishani. Mkono wake mmoja ulikuwa umelala tumboni, umebana, kama wa mtu anayezuia mlango usifunguke. Soma Kwanza aliuona mkono ule na roho ikamuuma. Kumbe baba yao anaogopa. Kiburi chote kile cha penseli, ni woga mtupu, na wao watatu wamekuja kumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Mtu aliyesoma maandishi ya watu maisha yake yote, unadhani hataona kilichorukwa?

Maana kilikuwa kimerukwa kitu, na yeye ndiye angepaswa kukijua kuliko wote. Kila kijitabu chake hufunguka kwa ukurasa wa onyo. Bosi wake humwomba kila mara aupeleke nyuma kwa sababu unawatisha wateja, naye hukataa katakata. Lakini leo, kwa baba yake, ukurasa huo hakuuweka.

Akaigeuza karatasi na kuandika pale pale, mzee akimtazama.

*Onyo. Unaweza usiamke. Daktari alituambia kwenye korido, sisi tukakuficha. Wengi huamka, wachache hawaamki. Ukiamka utaumwa, na utakuwa mkali kuliko ulivyo sasa. Ukikataa, pengine utamwagilia maua yako miaka mingi, pengine utaanguka kesho mimi nikiwa kazini. Kifo kipo pande zote mbili Baba. Mimi nachagua upande wenye daktari karibu, kwa sababu bado nakuhitaji. Kuamua ni kwako.*

Penseli nyekundu iliteremka juu ya maneno yale polepole. Kabla ya "Baba" palitakiwa koma, Soma Kwanza mwenyewe aliona imekosekana. Penseli ikapita bila kuiweka.

"Wachache wangapi?" mzee aliuliza kwa mdomo, kwa sauti kubwa ya mtu asiyesikia anachosema. Huko jikoni kikombe kiligonga sahani.

Soma Kwanza akaandika: *Katika ishirini, mmoja.*

Mzee akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mteja aliyetajiwa bei hatimaye. Akachukua karatasi safi, akaingia chumbani kwake na kufunga mlango.

"Imebaki nusu saa," kaka alisema akitokea jikoni, simu mkononi. "Nikamgongee?"

"Hasikii. Muache."

"Sasa tunangoja nini?"

"Anaandika."

Walingoja. Kitindamimba aliosha kikombe kilichokuwa tayari kisafi. Mwishowe mlango ulifunguliwa, mzee akaja na karatasi yake, akamwekea Soma Kwanza mkononi na kutoka nje kwenye maua bila kumwangalia mtu.

*Maelekezo kwa binti yangu.*
*1. Niamshe mapema Jumatatu, ninyoe ndevu.*
*2. Leta viatu vyangu vyeusi. Siingii hospitali na kandambili.*
*3. Maua amwagilie kitindamimba. Asiyaimbie.*
*4. Usinishike mkono mbele ya wauguzi.*
*5. Tukifika mlango wa chumba cha upasuaji, puuza hatua ya 4.*

"Kasemaje?" kaka aliuliza, akinyoosha mkono aipokee. "Lete nisome."

Soma Kwanza alikuwa ameikumbatia karatasi kifuani, machozi yakimshuka, wala hakuyaficha.

"Piga simu," alisema. "Utasoma baadaye."