Mbwa Mwitu Nyumbani kwa Kožar

Jumamosi ile nilipika sufuria ya watu ishirini, tukala wawili.

Nilikuwa nimeamka na jogoo. Nilichemsha shayiri na maharage na paja la nguruwe lililokaushwa kwa moshi, nikaegemeza ngazi ukutani, nikagawa misumari kwenye makopo. Vigae vya mbao vilikuwa vimepangwa chini ya banda la majani makavu, rundo juu ya rundo. Nilivipasua mwenyewe majira yote ya baridi, na viganja vyangu vilikuwa na ushahidi. Nimesomea useremala, nina cheti, na sina woga wa kupanda juu. Lakini paa la nyumba ndefu ya mawe haliezekwi na mtu mmoja. Linataka mnyororo wa mikono, kutoka chini mpaka kileleni, na siku moja ya jua.

Jua lilikuja. Watu hawakuja.

"Labda wanakamua," alisema kaka yangu Tilen, aliyepanda kutoka mjini Kranj kunisaidia.

Adhuhuri akasema, "Labda kuna msiba."

Alasiri akajipakulia sahani ya tatu, akafuta mdomo. "Brina, dada yangu, mimi sitafuni maneno. Hawa watu hawakutaki."

"Wewe unatafuna kila kitu isipokuwa maneno. Acha angalau supu ya kesho."

Nilicheka, lakini moyoni nilikuwa nimeshika shoka. Nyumba ile niliinunua vuli iliyotangulia. Ilikuwa imekaa tupu kwa miaka, na upepo ulikuwa umekwisha kuchana upande wa kaskazini wa paa. Fundi mmoja wa majengo alipanda darini, akagonga boriti kwa kisu, akashuka akitikisa kichwa. "Zimeanza kulainika," aliniambia. "Zikilowa na kuganda majira mengine ya baridi, usihangaike tena na paa. Hutakuwa na cha kuezeka." Tulikuwa tayari mwisho wa Septemba. Mawingu yalikuwa yanajikusanya nyuma ya milima kila jioni, kama watu wanaosubiri mlango ufunguliwe.

Na kulikuwa na mama. Siku nilipohama Kranj hakupiga kelele. Alisema tu, "Chumba chako sikipangishi. Hata mto wako nimeuacha palepale." Sijawahi kutukanwa kwa upole namna ile.

Kijijini Podskala msaada wa paa hauombwi kwa kubisha mlango mmoja mmoja. Unamwambia padre, naye baada ya misa anatangaza. Atakayesikia atakuja na nyundo yake. Jumapili iliyotangulia nilikuwa msituni nikitoa gogo la mwisho, kwa hiyo nilimpigia padre simu. Alikuwa kijana, amekuja majira ya kuchipua kutoka tambarare za mto Mura, mgeni kama mimi. Alifurahi kuombwa kitu. Akatangaza kama nilivyomtuma: Brina Volk anaezeka paa Jumamosi, anaomba mikono.

Nililitaja jina langu kamili kwa sababu nalionea fahari. Volk ni mbwa mwitu. Bibi yangu alisimulia kwamba zamani, katika ukoo wetu, mama mmoja alizika watoto wachanga, mmoja baada ya mwingine. Alipojifungua tena alimwita mtoto Volk, ili kifo kikija kuchungulia kwenye susu na kuuliza nani amelala humu, kijibiwe: mbwa mwitu. Mtoto akaishi, akazeeka, na jina lake likageuka jina la ukoo. Mimi ni wa uzao wa mtoto aliyekitisha kifo. Jina kama hilo hulifichi.

Jumatatu nilishuka dukani. Francka, mwenye duka, mama wa makamo mwenye sauti ya kuita ng'ombe, alikuwa anapanga maziwa. Kwenye kiti cha dirishani aliketi Lojz, mkulima wa upande wa pili wa kanisa, na chupa ya bia ya asubuhi.

"Shangazi Francka, naomba mkate na chumvi," nikasema. "Halafu uniambie nimewakosea nini."

"Yesu! Chumvi inauzwa kwa ugomvi siku hizi?"

"Nimekaa na sufuria ya watu ishirini. Hata mbwa wa mtu hakupita. Kama hamnitaki, semeni kwa midomo. Midomo mnayo."

Francka akaacha maziwa. "Sufuria ya nini, binti?"

"Ya paa! Padre alitangaza!"

"Padre alitangaza paa la Volk," alisema Lojz.

"Ndiyo. Mimi ndiye Volk."

Lojz akaiweka chupa chini taratibu, kama mtu aliyeona inzi ndani yake. "Wewe?"

"Tangu kuzaliwa."

"Kwa hiyo yule mng'oa meno ni baba yako?"

"Mng'oa meno yupi? Mimi sina baba mng'oa meno!"

Wakatazamana. Kisha Francka akaanza kucheka, akashika kaunta, akashika ubavu, mpaka ikabidi akae juu ya kreti.

Ilikuwa hivi. Ng'ambo ya kijito kuna nyumba ya mapumziko ya daktari wa meno kutoka Kranj, naye pia jina lake la ukoo ni Volk. Kila mwenye pengo mdomoni Podskala, pengo lile lilichimbwa na yeye. Volk mwingine kijijini hawamjui.

"Padre alipotaja Volk," alisema Francka akijifuta machozi, "kanisa zima lilishika shavu."

"Mimi nilisema mvua imnyeshee," Lojz akasema. "Alinikalia kifuani kwa sababu ya gego moja. Ana pesa, awaite mafundi. Lakini mke wangu akasema ubinadamu ni ubinadamu, basi nikaenda, mimi na shemeji yangu, na nyundo. Katoka na ndara. Paa lake jipya, vigae vyekundu, linang'aa! Tumesimama pale kama wezi waliokosea nyumba. Akatukaribisha kahawa. Halafu akaniambia, hebu fungua mdomo. Eti na la nyuma yake limeoza."

Nilitaka kucheka, hasira ikanikataza. "Lakini mimi mnanijua. Nanunua mkate hapa kila siku!"

"Tunakujua mpaka nyayo," alisema Francka. "Wewe ni Kožarca."

"Ni nani?"

"Wewe. Kožarca, mwanamke wa nyumba ya Kožar. Tangu siku moshi ulipotoka tena kwenye lile bomba. Lojz, ulisemaje siku ile?"

"Nilisema, kwa Kožar pamewashwa moto."

Kožar ni mtengeneza ngozi. Pale kwangu, enzi ambazo hakuna anayezikumbuka, aliishi mtu aliyelainisha ngozi za kondoo na kushona makoti ya manyoya. Ukoo wake ulikwisha, wakaja wengine, wakaja na wengine, kila mmoja na jina lake kwenye kitambulisho, na wote waliitwa Kožar. Huku jina la nyumba halihami na watu. Mimi nililelewa ghorofa ya tano mjini. Ningejuaje kwamba nimekuwa nikiitwa mwaka mzima na sikuitika?

"Usinitazame hivyo," alisema Francka. "Mimi kwenye karatasi za serikali ni Pogačnik, mwoka mikate. Onja mkate wangu uone jina linavyodanganya. Hapa naitwa Mežnarca, wa nyumba ya mpiga kengele, na tangu babu wa mume wangu hakuna aliyegusa kamba ya kengele. Huyu Lojz ni Hrovat, mtu wa Kroatia, na safari yake ndefu ni kwenda Kranj kung'olewa jino. Sisi tunamwita Lončar, mfinyanzi, na hawezi kushika chungu bila kukivunja."

"Nilivunja kimoja."

"Viwili. Na cha pili kilikuwa changu."

"Mimi si Kožarca," nikasema. Sauti ilitoka kali kuliko nilivyokusudia. "Mimi ni Volk. Nimenunua nyumba, sikuuza jina."

Lojz akakuna shingo. "Lakini mbwa mwitu kwenda kulala kwa mtengeneza ngozi... mimi ningelala jicho moja wazi."

"Nyamaza wewe," Francka akamwambia, kisha akanigeukia. "Nani kakuomba jina lako? Nenda nalo benki, nenda nalo kaburini. La nyumba ni kama koti lililotundikwa nyuma ya mlango. Aliyemo analivaa. Wa mwisho kulivaa ni Rezka, aliyekaa mle kabla yako, na tangu afe limening'inia. Tulikuwa tukipita pale tunaona aibu, kana kwamba sisi ndio tuliolitelekeza."

"Basi waambieni watu. Waambieni ni paa langu."

"Hilo siliwezi. Mwaliko wa paa hautoki mdomoni mwa jirani. Hutoka kwa padre, au kwa mwenye nyumba mwenyewe."

"Padre atatangaza tena Jumapili."

"Jumapili?" Lojz aliinamisha kichwa kuelekea dirishani. "Jumamosi hii mvua iko hapa, na haitakuwa ya siku moja. Goti langu halijawahi kudanganya, na redio safari hii inakubaliana nalo."

Hapo hasira ilinitoka yote kwa mkupuo, ikabaki hofu. Niliziona zile boriti. Nilimwona mama akikung'uta mto wangu.

Kengele ya mlango ililia. Waliingia wanawake wawili na mwendesha trekta, wakaiacha baridi nje, wakasubiri. Francka hakuwahudumia. Alikunja mikono, akanitazama mimi.

Nilimfikiria yule mtoto wa kwenye susu. Hakuna aliyemuuliza kama anataka kuitwa mbwa mwitu. Mtu alitaka aishi, akamvika jina, basi. Huenda naye lilimwasha mwanzoni.

"Jamani," nikasema. Nilikohoa. "Mimi ni Brina Volk. Tunaezeka kwa Kožar. Ijumaa."

"Ijumaa nakata nyasi za mwisho," alisema mwendesha trekta.

"Alhamisi basi!"

"Alhamisi sawa. Kuna cha kula?"

"Kila anayekuja na nyundo anakula."

"Na nisiyekuwa na nyundo?" aliuliza mmoja wa wale wanawake.

"Njoo na mikono, mama. Mikono ndiyo ninayoihitaji."

Francka akanipa mkate na chumvi. "Mkate huu umeungua kidogo," alisema. "Ndivyo tulivyo."

Alhamisi walikuja kabla sijafunga kamba za viatu. Walikuja na nyundo, na ngazi, na keki za njugu zilizofungwa kwa vitambaa. Padre alikuja na suruali ya kazi, uso umemwiva kwa aibu.

"Nisamehe, dada. Sikujua."

"Sote wawili hatukujua, Padre."

"Na mimi wananiitaje nyuma ya mgongo?"

"Wewe nyumba yako ni ya kanisa," Lojz alidakia kutoka juu ya ngazi. "Utaitwa Padre mpaka wakuhamishe. Shika vigae!"

Mnyororo ulijipanga, mkono kwa mkono, kutoka ukutani hadi kileleni. Mimi nilikuwa juu kabisa, kwenye upande wa kaskazini, nikipigilia. Kigae juu ya maungio ya viwili, safu juu ya safu. Mbao mpya zilikuwa na rangi ya asali, na harufu ya utomvu ilishuka mpaka uani. Chini walitaniana bila huruma: nani kamkopa nani jogoo, nani aliolewa kwa sababu ya trekta. Kila aliyeitwa aliitwa kwa nyumba yake.

Jua lilipoanza kuinama, gari dogo la bluu lilipanda njia yangu likikohoa. Alishuka mama. Viti vya nyuma vilikuwa vimelazwa. Tilen alikuwa amempelekea habari ya sufuria, naye alikuwa amekuja kunichukua, mimi na vitu vyangu. Mlango wa pili ukafunguka, akashuka mwanamume mrefu mwenye ndara.

"Nimeuliza kwa Volk nyumba tatu!" mama alifoka kabla hajafunga mlango. "Zote zimenipeleka kwa huyu bwana! Ameniambia nifungue mdomo!"

"Nilimwonyesha njia tu," alisema daktari. "Ingawa lile la juu kushoto, mama, usilicheleweshe."

Wanaume wote kwenye mnyororo walifunga midomo kwa pamoja.

Mama aliinua uso. Aliona paa, aliona watu, akatafuta mahali pa kuyaweka maneno aliyokuja nayo. Wakati huohuo mtu alipaza sauti kutoka upande wa pili wa kilele:

"Kožarca! Misumari imekwisha huku!"

"Naleta!" nikajibu.

Sikuwa nimefikiri. Lilikuwa limeshatoka.

"Wamekuita nani?" mama aliuliza.

"Nitakueleza nikishuka."

Hakusubiri nishuke. Alitazama kopo la misumari chini ya ngazi, akavua koti la mjini, akalitundika kwenye kioo cha gari, akaingia kwenye mnyororo kati ya Francka na daktari wa meno. Kopo likapanda mkono kwa mkono hadi likanifikia.

Kabla giza halijaingia, Lojz alipigilia kileleni msonobari mchanga wenye utepe mwekundu, kama inavyofanywa paa likikamilika, na sufuria ya watu ishirini haikutosha. Mama aliondoka viti vya nyuma bado vimelala, bila kupakia kitu.

Mvua ilianza Jumamosi, kama goti la Lojz lilivyosema. Nilipanda darini nikaketi chini ya boriti, nikazipapasa moja moja. Kavu. Simu ikalia.

"Nimekipangisha chumba," alisema mama. "Kwa mwanafunzi. Mto nakutumia kwa gari la vifurushi."

"Asante, mama. Mwambie dereva aulize kwa Kožar. Akiuliza kwa Volk, mto wangu ataulalia mng'oa meno."