Mikono ya Mke Mwenza

Mwanaheri alikuwa na watu wengi wa kuwachukia pale Magamba, lakini chuki yake nzuri, ile ya kuvaliwa sikukuu, alikuwa amemwekea Halima. Halima alikuwa mke wa pili wa marehemu Ibrahimu. Mzee alikufa akawaachia nyumba mbili zinazotazamana na ua mmoja, na tangu matanga yaishe wanawake hao hawakusemezana ila asubuhi, kwa kuwa mdogo hana budi kumwamkia mkubwa.

"Shikamoo, Bi Mkubwa."

"Marahaba."

Basi, mpaka kesho yake.

Kisha figo za Mwanaheri zikagoma. Sukari ilikuwa imezila kidogo kidogo kwa miaka mingi, ikamtia na ganzi ya vidole, mpaka akavimba uso na miguu na hata chai ikawa haikai tumboni. Hospitalini wakamwambia njia ni mbili. Ateremke Tanga, akae kwa mwanawe Abubakari, awe anakwenda kliniki mara tatu kwa wiki kulala kwenye mashine ya kusafisha damu. Au awekewe mpira tumboni abaki kwake, na mara nne kila siku maji ya dawa yaingizwe kutoka kwenye mfuko, yakae humo yavute uchafu, yatolewe, yaingizwe mengine.

"Tanga siendi," akasema Mwanaheri. "Nikakae sebuleni kwa mkwe, niulizwe kama nimekula, kama nimekwenda chooni? Nina nyumba yangu. Nina karoti zangu bondeni. Kwangu naamuru, kwa watu nitaamuriwa."

Nesi Jenoveva, mwanamke mnene asiye na papara, hakubishana naye. Alimpa mpira na mfuko, akamwambia aviunganishe. Mpira ukamponyoka. Akaushika tena, ukamponyoka tena, maana vidole havikuwa na habari na alichoshika.

"Mama, hapa inatakiwa mikono ya mtu mwingine," akasema Jenoveva. "Nani anaishi karibu nawe?"

Aliyejibu ni Abubakari, aliyekuwa amemsindikiza. "Yupo mama mdogo, Halima. Wanakaa ua mmoja."

Halima akaitwa. Mwanaheri aliomba moyoni akatae, tena akatae mbele ya watu, apate cha kusimulia. Halima akasikiliza mpaka mwisho, akajifuta mikono kwenye kanga.

"Nitajifunza," akasema. "Nikikataa, kesho mji mzima utasema nimemwacha afe."

Akajifunza kweli. Chumba kikapakwa chokaa, jiko la kuni likahamishiwa mbali, mlango ukafungwa, na sheria ya Jenoveva ikawa moja: asiingie mtu humo ila mgonjwa na msaidizi wake. Halima alinawa mpaka kwenye viwiko, akavaa barakoa, akafunga dirisha, na kazi yake haikuwa na dosari. Maneno yao yaliongezeka kidogo tu. "Usinipumulie kwenye mpira." "Na wewe usinivute hivyo, mimi si mbuzi." Wiki zikapita, uvimbe ukashuka, Mwanaheri akala ugali akashiba, akateremka mwenyewe hadi bondeni kukagua karoti. Alishukuru? Thubutu! Kilichomuudhi zaidi ya ugonjwa ni kwamba yule mwanamke aliiweza kazi.

Tatizo likawa wageni. Milimani kwetu mgonjwa hutazamwa. Watu huja na mkungu wa ndizi au maparachichi, wakaingia ndani hasa, wakakaa kitandani, wakamshika mgonjwa mkono. Halima aliwapokea uani akawaelekeza dirishani. Wengine walielewa, wengi walinuna, na maneno yakaanza kutembea: mke mwenza amemfungia mwenzake ndani, ana lake jambo. Maneno hayo yalimfikia Mwanaheri, naye hakuyakanusha. Yalimpendeza.

Siku moja akaja shangazi yake, Hawa, bibi kizee aliyetoka Bumbuli akijikokota kwa magoti mabovu. Halima akamwamkia kwa adabu zote, akamtolea kigoda, akamweka dirishani.

"Shangazi yangu!" Mwanaheri alifoka baadaye. "Amesimamishwa dirishani kama muuza mboga!"

"Nilimpa kigoda," akasema Halima.

Basi Mwanaheri akatuma mtu Bumbuli amwite shangazi, aje siku ya soko, Halima atakapokuwa ameteremka Lushoto mjini. Kizee akaja na kombe kwenye chupa, zile aya zilizoandikwa sahanini kwa zafarani zikaoshwa kwa maji. Akakaa kitandani, akasoma, akampulizia. Kombe hupakwa pale penye ugonjwa, na Mwanaheri hakutaka lipotee njia. Akafungua bandeji ya pale mpira unapoingilia tumboni, kwa vidole vyake visivyohisi, akasema, "Hapa hasa, Shangazi. Ugonjwa wangu unapitia hapa." Shangazi akampaka vizuri, kwa mkono wake ulioshika fimbo njia nzima. Walilia kidogo wote wawili kwa utamu wa kuwa pamoja. Halima aliporudi, bandeji ilikuwa imeshafungwa.

Haukupita muda tumbo likaanza kumkata. Maji yaliyotoka yalikuwa meupe, kama maji ya kuoshea mchele. Halima aliuinua mfuko dirishani kwenye mwanga, na Mwanaheri akamwona akibadilika uso. Halima mwenyewe ndiye aliyempigia Jenoveva simu, mwenyewe akatafuta gari, mwenyewe akamshika kichwa mgonjwa njia nzima akitapika. Madaktari walipambana na usaha wa tumboni kwa sindano, na Mwanaheri akaponea tundu la sindano.

Aliporudishwa Magamba, Abubakari alikuwa amepanda kutoka Tanga. Wakakaa uani, yeye, mama yake na Jenoveva, Halima amesimama kwenye mlango wa nyumba yake.

"Uchafu uliingia," akasema Jenoveva. "Nataka kujua uliingiaje. Nani aligusa?"

"Unauliza?" akasema Mwanaheri. "Hapa kuna mikono ya nani mwingine?"

Lilimtoka kirahisi kabisa, kama kukohoa. Abubakari akainuka. Tangu utotoni alikuwa akimwita Halima mama mdogo, lakini sasa alisema, "Wewe. Ulitaka kumuua mama yangu?"

Halima alimtazama Mwanaheri, kisha akamwambia Abubakari, "Mchukue mama yako."

Mwanaheri akaona raha. Raha yenyewe haikudumu, kwa sababu Abubakari aliingia chumbani akaanza kukunja nguo zake.

"Unafanya nini?"

"Nakufungashia, mama. Tunakwenda Tanga."

"Pasipo msaidizi hakuna tiba ya nyumbani," akasema Jenoveva. "Itakuwa mashine ya kliniki."

Hapo ndipo hesabu ilipomkaa sawa. Ameshinda, na ushindi wake unamtoa kwake. Aliogopa kuliko alivyoogopa hospitalini. Nisiseme dhamiri ilimsuta, maana sina hakika. Ilikuwa ni nyumba.

"Acha nguo!" akapaza sauti. "Si yeye. Shangazi alinipaka kombe, nikafungua bandeji mwenyewe. Halima alikuwa sokoni."

Abubakari akabaki na gauni mkononi, aibu imemjaa usoni. Jenoveva akashusha pumzi. "Ungepakwa mkononi, mama," akasema taratibu. "Dua haikosi njia."

"Basi yamekwisha," akasema Mwanaheri, na sauti ya ubimkubwa ikarudi yote. "Halima, kanawe. Saa ya mfuko imefika."

"Hapana, Bi Mkubwa."

"Unanilipizia."

"Ningetaka kukulipizia ningekubali. Ningekuwa na tumbo lako mikononi mchana na usiku." Halima hakupandisha sauti. "Umesema nimekuua, nawe u hai, na mtoto niliyemlisha ameamini papo hapo. Siku ukifa kweli nani ataniamini mimi? Sikuchukii tena. Nakuogopa."

Akaingia ndani, akafunga mlango polepole.

Mwanaheri alibaki ameukodolea macho mlango ule. Miaka yote alikuwa akitaka Halima amwogope. Alijaribu kwa matusi, kwa masengenyo, hata kwa kuwarushia mawe kuku wake, na mwanamke yule hakutikisika. Sasa alikuwa amelipata alilolitaka, na mikono pekee ya kumweka nyumbani ilikuwa nyuma ya ule mlango. Alifungua kinywa amwite, akagundua kwamba hajui kumwita Halima bila kumwamuru.

"Mama," akasema Abubakari kwa upole, "nichukue na blanketi?"

"Liache," akasema Mwanaheri. "Huko kuna joto."