Leva ya Kushoto

Mshale ulisimama kwenye kilo tisa na robo. Gundula Wiethoff aliuacha mzani urudi sifuri, akaipachika upya ndoana kwenye ncha ya leva nyekundu ya klachi, akavuta taratibu mpaka klachi ilipoachia. Tisa na robo.

"Huo ni mzani wa samaki," alisema Ottokar, aliyekuwa amesimama mlangoni mwa duka lake la spea na kikombe cha kahawa mkononi.

"Kilo ni kilo."

"Tangu lini umeanza kuvua?"

"Njoo ushike usukani. Unatikisika."

Ottokar aliweka kikombe dirishani, akaja kushika. Ilikuwa saa tano na dakika kumi. Saa nane kamili mkaguzi wa leseni angekuwa anamsubiri Gundula kwenye uwanja wa shule ya udereva, ng'ambo ya mto, akiwa na fomu yenye maswali kumi na mawili na nafasi moja ya kutia sahihi. Asiporidhika, herufi inayoruhusu kuendesha pikipiki ingefutwa kwenye leseni aliyoipata akiwa na miaka kumi na minane. Sasa alikuwa na hamsini na saba.

Mwezi Novemba mashine ya randa ilikuwa imemkata vidole viwili vya mkono wa kushoto, cha shahada na cha kati. Lilikuwa kosa lake mwenyewe. Aliinua kinga ya mashine ili aone mstari, na hakuwahi kumwambia mtu yeyote vinginevyo. Karakana ya useremala alikofanya kazi ilimhamishia ofisini, akawa anaandika oda za milango. Pikipiki ndiyo mashine pekee iliyobaki ambayo mkono ule ulikuwa bado unaruhusiwa kuigusa.

Leva nyekundu alizifunga wiki tatu zilizopita, ya klachi na ya breki. Zilikuwa fupi, nyepesi, zenye kirungu cha kuzisogeza karibu na mpini kwa hatua sita. Kila aliyeulizwa alimwambia hivyohivyo: mkono dhaifu, leva fupi. Ottokar naye alisema. Asubuhi hiyo, kati ya nyumbani kwake na duka, injini ilikuwa imemzimikia mara mbili.

"Umebakiza vidole vingapi?" aliuliza Ottokar.

"Unajua kuhesabu."

"Basi usogeze mkono ndani kidogo, vidole vikae katikati ya leva."

"Nikisogea ndani nakaribia ekseli, pale leva inapozungukia, na inazidi kuwa nzito. Nimepima. Inafika kilo kumi na mbili." Aliinua mkono wake wa kushoto hewani na kuufumba, vidole viwili vya mwisho vikabana mahali pasipo na kitu. "Leva hii imetengenezwa kwa mtu mwenye vidole viwili vya mbele. Mimi nina vya nyuma. Inaishia pale ninapoanza."

Ottokar aliiangalia leva, kisha mkono, kisha leva. Alikuwa ameuza spea kwa miaka thelathini na moja.

"Ng'ombe mimi," alisema.

"Mtaalamu wa viungo alinipima nguvu. Kilo nane naweza kuzishika dakika moja. Kilo sita, dakika nne. Nahitaji leva ya chini ya sita. Ndefu, inayosogezeka, na yenye karatasi ya idhini. Mkaguzi ataisoma namba."

"Leo?"

"Sasa hivi."

Ottokar aliingia ndani. Gundula alisikia makabati yakifunguliwa na kufungwa, na Ottokar akimtukana mtu ambaye hakuwapo. Saa tano na nusu alitoka na boksi lililopauka upande mmoja kwa jua la dirishani.

"Nyeusi. Ndefu. Hakuna anayezitaka, zinafanana na za polisi. Lakini haziuzwi moja moja, dada yangu. Klachi na breki, pamoja."

"Nitalipia zote. Nitafunga moja. Ya breki narudisha ile ya zamani."

"Mkono wa kulia rangi ya fedha iliyokwaruzika, wa kushoto nyeusi mpya? Itakuwa kama mtu aliyevaa viatu vya watu wawili."

"Mkono wa kulia ulikuwa haulalamiki mpaka nilipokusikiliza wewe."

Ottokar alilala chali kwenye zege na kuulegeza waya wa klachi huku Gundula akifungua leva kwa mkono wa kulia. Gundula alipaka grisi kwenye ekseli, akafunga ile nyeusi, akazungusha kirungu mpaka kidole cha mwisho kikafika bila kunyooshwa. Mzani ulionyesha sita na robo.

Gundula alipima tena. Sita na robo.

"Subiri," alisema Ottokar. Alilegeza kishikizo kizima cha leva, akakisukuma kuelekea katikati ya usukani, sentimita moja na kidogo zaidi, akakikaza. "Mkono wako ubaki palepale. Leva ndiyo ihame. Sasa unashika nchani kabisa."

Tano na nusu.

"Hiyo ungeniambia wiki tatu zilizopita," alisema Gundula, akifungua leva nyekundu ya breki ili arudishe ya zamani.

"Wiki tatu zilizopita nilikuwa nauza rangi nyekundu."

Mkaguzi aliyemsubiri uwanjani saa nane aliitwa Bwana Hesselbarth, mtu mwembamba mwenye koti la mvua lililofungwa mpaka shingoni. Alimpungia Gundula tu, akaingia kwenye gari la shule ya udereva lililomfuata nyuma. Sauti yake ilikuja kwa redio ndogo ndani ya kofia ya Gundula, kavu. Kulia. Kushoto. Simama. Ondoka. Kila kitu kilikwenda kama kilivyopaswa kwenda, na hilo lilimtia Gundula wasiwasi.

Kwenye barabara inayopanda kanisani wakakuta trekta. Lilikuwa linavuta tangi la samadi, na lilikwenda kwa mwendo wa mtu anayesindikiza jeneza. Kupita hakukuwezekana, nyumba zilibana pande zote mbili. Gia ya kwanza ilikuwa na kasi zaidi kuliko trekta. Ilibidi klachi ishikwe nusu, isiachiwe, isivutwe yote.

Alianza kuhesabu. Dakika ya kwanza vidole havikusema kitu. Ya pili, cha pete kilianza kuwaka moto kwenye kiungo. Katikati ya mlima trekta lilisimama, na dereva wake akateremsha kioo azungumze na mwanamke aliyekuwa anamwagilia maua ya dirishani.

"Usiweke gia huru, Bi Wiethoff," ilisema sauti kwenye kofia. "Baki tayari kuondoka."

"Sawa."

Breki ya nyuma aliikanyaga kwa mguu wa kulia. Leva ya kushoto aliivuta mpaka mwisho. Dakika ya tatu kidole kidogo kilikufa ganzi, na hapo hakujua tena kama bado kinavuta au kimelala tu juu ya chuma. Alitazama chini. Kilikuwa kinatetemeka. Mwanamke wa maua alikuwa anacheka kitu.

Trekta lilitoa moshi, likaenda. Gundula aliongeza mafuta, akaanza kuachia, milimita kwa milimita. Injini ilishuka sauti, ikakohoa mara moja, ikashika. Akapanda.

Walirudi uwanjani saa tisa kasorobo. Hesselbarth alishuka, akachuchumaa kando ya pikipiki, akawasha kurunzi ndogo. Alisoma namba iliyopigwa chini ya leva nyeusi, akailinganisha na karatasi, tarakimu kwa tarakimu.

"Ya kulia hukuibadilisha?"

"Ya kulia haikuwa na tatizo."

Aliweka fomu juu ya tangi la mafuta, na kalamu juu ya fomu. Nafasi ya sahihi ilikuwa tupu.

"Lile trekta lilituchelewesha muda gani?"

"Dakika nne kasoro kidogo."

Hesselbarth alivua glavu yake ya kushoto. Alikunja kidole cha shahada na cha kati, akavibana kwenye kiganja kwa dole gumba. Viwili vilivyobaki akavizungusha kwenye ncha ya leva, akaivuta mpaka kwenye mpini. Kisha akageuza mkono wa kulia na kuitazama saa yake.

Gundula alisimama upande wa pili wa pikipiki. Injini ilikuwa inapoa, ikitoa mlio mdogo unaopungua, na ncha ya kidole kidogo cha mkaguzi ilikuwa imeanza kuwa nyeupe.