Sehemu ya Baba

…baba amekufa, ndivyo Terry alivyosema, wala si kwa sauti ya mtu anayedanganya, alilisema tu kama anavyotaja kijiji anakotoka, andika amekufa, na Elkana akabaki kwenye benchi karibu na mashine ya kutoa kopi, kofia magotini, akiutazama mgongo wa binti yake, maana Terry hakugeuka alipoingia, macho yake yalikuwa kwenye fomu ya rufaa katika kompyuta pamoja na Shamima mwenye saiba, duka hili la kompyuta, naye Elkana alikuwa ameamua kungoja wamalize, asiwakatize, huku akipanga maneno kwa Kijaluo, nyara, binti yangu, nimekuja, mama yako alinipigia simu… na sasa maneno hayo ayapeleke wapi, mfu hasalimii mtu… "Pole sana," Shamima alisema, "alikufa lini?" na Terry akainama zaidi kwenye kompyuta, na Elkana akajikuta naye anangoja, kwa kweli anataka kujua, lini, ni mwaka ule alipotoka hapa Magunga kwenda migodi ya dhahabu kule Macalder akasema atarudi mvua zikianza, au ni ile Krismasi alipotuma salamu bila unga, au ni pale Rael, mama yake Terry, alipoacha kumtafuta… simama, mwambie huyu mama wa saiba baba ndiye mimi hapa, mtoto gani anamzika mzazi wake aliye hai, nyumbani hata uvumi wa namna hiyo huwatetemesha watu… lakini hakusimama, aliigeuza tu kofia magotini. Rael alimweleza yote kwenye simu, polepole, kama anayemweleza mgeni, kwamba Terry amepata nafasi ya kusomea uuguzi, kwamba serikali imempanga kwenye kundi la watoto wa wenye nacho, ufadhili kidogo, mkopo kidogo, na karo yote inayobaki itoke nyumbani, kwa sababu aliandika ukweli kwamba alisoma shule ya msingi ya kulipia, wakaona anayesomesha mtoto pale hawezi kuwa maskini… na wangejuaje kwamba Rael alikuwa akipika uji na githeri ya mahindi na maharagwe katika jiko la shule hiyo ili mtoto asifukuzwe, hakuna mahali pa kuandika sufuria, hakuna mahali pa kuandika moshi wala yale macho yake mekundu ya jioni… akate rufaa, Rael alisema, wewe lete kitambulisho chako kitolewe kopi, hilo tu, naye akajibu nitajaribu, na Rael akacheka kidogo, si kwa ubaya, cheko la mtu aliyelisikia neno hilo mpaka likaisha ladha, na ndiyo maana hawakumngoja, nani angemngoja… "Wakiona huna baba watakuangalia kwa jicho lingine," Shamima alikuwa akisema, "lakini watataka barua ya chifu." "Nitaileta," Terry alisema, na mabega yake yakapanda kidogo, kama alivyokuwa akifanya utotoni akiitwa jina akiwa ameharibu kitu, bado anayapandisha vile, amekuwa mtu mzima na bado… basi na iwe hivyo, Elkana aliwaza, na iwe, kama kufa kwangu kutamwingiza chuoni basi nife, si nitakuwa nimempa kitu hatimaye, nitoke kimyakimya, mlango uko hapa, nipande pikipiki nirudi mgodini, asijue kamwe kwamba nilikuwa hapa, na hakuna atakayenipigia tena kuniuliza karo, hakuna… na hapo kifua kikalegea, pumzi ikashuka vizuri, akasikia raha, raha kabisa, kama mtu aliyetuliwa gunia mgongoni, na raha hiyo ndiyo iliyomtia hofu kuliko neno lolote alilolisikia humu ndani, kwa sababu aliijua, ni ileile aliyoisikia akivuka mto Kuja kuelekea Macalder na nyumba yake iko nyuma, aliiita kutafuta riziki, sasa anaiita sadaka… na kitambulisho chake je, namba yake iko hai katika kompyuta za serikali, laini yake ya simu iko hai, watamshika mtoto na uongo, watamnyang'anya hata hicho kidogo, na yeye Elkana atakuwa shimoni anachimba, amepumzika… "Marehemu aliitwa nani?" Shamima aliuliza, vidole vikiwa tayari, na Terry akalitaja jina lote, Elkana, kisha la babu, taratibu, herufi baada ya herufi, na katikati akakosea herufi moja, akairudia, akaendelea… hapana, asiseme nimekuja, neno hilo halifai, kuja ni nini, atasema andika yuko hai, andika yuko hai na hajalipa hata muhula mmoja, andika mama ndiye aliyepika, na barua ya chifu iseme hivyo, mimi mwenyewe nitasimama mbele yake niyarudie nitie sahihi, Terry atamchukia, na amchukie, atamchukia mtu aliyepo… kofia bado magotini, Shamima bado akiandika jina, mgongo wa Terry palepale, na Elkana, ambaye alikuwa bado hajasema neno, alikuwa akitafuta mate ya kulisemea.