Kadi ya Picha na Ng'ombe wa Bujiku

Timotheo wa Soweto, Mbeya, alikuwa fundi redio wa kweli, na ubaya wa fundi wa kweli ni kwamba anajijua. Redio ikimshinda mtu Tukuyu, ikamshinda mwingine Mbalizi, ilipelekwa kwake. Yeye aliifungua mgongo, akaiwasha, ndipo akatia mkono ndani. Ndiyo, aliiwasha kwanza. "Redio haitibiwi ikiwa imelala," alikuwa akisema. Aliigusagusa inaimba, akisikiliza inapokoroma na inaponyamaza, na umeme ukimpiga alicheka tu akapuliza vidole. Hivyo ndivyo alivyofundishwa, naye hivyo ndivyo alivyowafundisha wengine, na redio za watu zilipona.

Kwa hiyo mwaka 1979, Mchungaji Saulo wa Ipogolo, Iringa, alipotafuta mtu wa kumalizia mashine iliyoachwa na mhandisi mzungu, jina lililotajwa lilikuwa hilo moja. Timotheo akapanda basi na mkoba wake wa vifaa, shati limepigwa pasi, akiwa tayari kabisa kusifiwa.

Mashine yenyewe ilikuwa kompyuta ndogo, kiasi cha sanduku la nguo. Usharika uliitumia kugawa dawa za zahanati zake: unaipa idadi ya wagonjwa na akiba iliyoko, nayo inakupa kila zahanati ipate nini. Tatizo, majibu iliyatoa kwa taa ndogo nyekundu zinazowaka na kuzima, na kuzisoma kulitaka macho na subira. Aliyekuwa na vyote viwili ni Ng'washi, karani wa ofisi, binti wa Kisukuma ambaye baba yake, mzee Bujiku, alihama na ng'ombe wake kutoka Shinyanga akatua Usangu, upande wa Chimala. Katika ukoo wao ndiye wa kwanza kukaa kwenye kiti cha ofisi.

Mhandisi alipofika kwao aliikumbuka shida hiyo, akatuma kadi ya picha: ubao mwembamba wa kijani, umejaa vipande vyeusi vyenye miguu ya chuma. Ukiichomeka ndani ya mashine na kuvuta waya hadi kwenye televisheni, majibu yatatokea kwenye kioo kwa herufi na tarakimu, kila mtu asome. Televisheni alikuwa ameiacha kabla ya kuondoka. Watu wa Ipogolo walikuwa wamesikia Zanzibar kuna televisheni, basi wakaanza kujazana dirishani wakingoja mpira.

"Hakuna mpira humu," Timotheo aliwaambia. "Kuna hesabu za klorokwini."

"Hesabu tunazo nyumbani," mama mmoja akajibu, akajitwika ndoo yake akaenda zake.

Kazi haikuwa nyepesi, na hapa nampa haki yake. Kadi ilitengenezwa kwa mashine kubwa, hii ndogo haikuwa na nafasi. Timotheo alikata bati la ubavuni kwa msumeno, akalilainisha kwa tupa, akarefusha waya, akaona umeme wa ndani hautoshi kuilisha kadi, akaiundia njia yake ya umeme pembeni. Ng'washi alimsomea karatasi ya maelekezo ya Kiingereza, na mstari mmoja aliurudia: mashine izimwe kabla ya kuigusa kadi.

"Nimesikia, dada," Timotheo akasema. Alisikia kama wengi wetu tunavyosikia mahubiri.

Siku ile kioo kilipowaka mara ya kwanza, herufi zilionekana kweli, ila zilipanda juu bila kukoma, safu baada ya safu, hazisomeki. Ng'washi alipiga vigelegele hivyo hivyo, akasema kazi imekwisha, anakwenda kuleta chai. Kabla ya kutoka alichukua kitambaa chake cha kufuma, kile cheupe alichokuwa akiifunikia mashine jioni kwa ajili ya vumbi la barabara kuu, akakikunja akakiweka juu ya kiti. Katika ofisi zote na sebule zote za nchi hii kitu cha thamani hufunikwa kitambaa, na huyu binti alikifuma mwenyewe. Lakini hakuifunika mashine ikiwa inafanya kazi hata mara moja. Mhandisi alimwonya kwamba inapumulia matundu ya juu.

Timotheo akabaki peke yake na zile herufi zinazopanda. Akahisi kadi haijakaa sawa. Na mkono wake, ambao haukumwuliza, ukaingia ndani ya mashine iliyowaka, ukaishika kadi, ukaitikisa.

Ikalia tik! Moshi mwembamba ukatoka, na harufu ile ambayo kila fundi anaijua na hakuna anayependa kuitaja. Kioo kikawa cheusi. Taa nyekundu nazo zikazimika, zote. Kadi ilikuwa imeungua na kuondoka na mashine.

Akafanya ambalo mtu yeyote angefanya akiona moshi: alidaka kilichokuwa karibu, kitambaa cha Ng'washi, akaugandamiza. Hapo hakuwa na kosa. Kosa lilianza Mchungaji Saulo alipofungua mlango, akanusa, akaona mashine ina moshi na juu yake kitambaa cheupe kimeanza kuwa cha kahawia.

"Kitambaa!" Mchungaji akasema. "Mungu wangu, binti ameifunika ikiwaka!"

Palitakiwa neno moja tu. Timotheo alikuwa nalo mdomoni, akalimeza. Fundi wa Soweto asiyeshindwa, amekuja na basi kuunguza mashine ya zahanati za watu kwa mkono wake? Akatazama chini, akasema, "Joto ni kitu kibaya, Mchungaji." Hata uongo haukuwa. Ndiyo maana ulikuwa mbaya zaidi.

Ng'washi aliingia na birika, akasimama. Alipoulizwa alisema hakuifunika. Alipooneshwa kitambaa kilichoungua alisema, "Nadhani sikuifunika." Mchungaji alipomwambia kwa upole kwamba mazoea yana nguvu, mwanangu, mkono hutenda na kichwa hakijui, aliweka birika mezani, akasema, "Labda." Timotheo aliliona lile "labda" likimtoka binti mwenye akili timamu, na akajua ameliweka yeye. Akajichukia. Na bado akanyamaza.

Ng'washi akasimamishwa kazi. Timotheo akaombwa abaki aone kama kuna cha kuokoa, akabaki, akawa anafungua na kufunga mashine iliyokufa ili tu aonekane ana shughuli. Chakula kilimkataa. Watu walimsalimu njiani kwa Kihehe na kumpa pole, "Kamwene fundi, pole, wamekuharibia kazi yako," naye aliitikia pole zote.

Habari zilifika Chimala na madereva wa malori ya mpunga. Wiki hiyo hiyo lori moja likasimama Ipogolo, akashuka mzee mrefu mwenye blanketi begani, na nyuma yake akateremshwa ng'ombe dume mwekundu, mpana kifuani. Alikuwa Bujiku, na ng'ombe alikuwa ng'ombe wake wa mbele wa plau, aliyeitwa Dereva kwa sababu wengine wote walimfuata yeye. Mvua zilikuwa karibu. Mkulima haondoi ng'ombe wa namna hiyo wakati huo, labda kwa msiba.

"Mzee wangu, karibu sana," Mchungaji akasema. "Lakini kanisa halidai ng'ombe."

"Mimi sijui mashine," Bujiku akajibu. "Najua ng'ombe. Ng'ombe yangu ikila mahindi ya mtu, siendi kwake na maneno, naenda na kitu. Sasa mtoto wangu ameharibu kitu ya watu. Ukinikatalia, ndiyo kusema hujasamehe. Tukimla huyu pamoja, wewe, mimi na huyo fundi, kesi imekufa. Halafu namchukua ng'wanone, mtoto wangu huyu, narudi naye."

"Kwa nini urudi naye? Tulimsimamisha tu."

"Ndugu zangu walisema mtoto wa kike hawekwi mjini kulinda mashine. Nilibishana nao. Sasa nitabishana na mdomo gani? Akitoka hapa, hatarudi ofisini tena, hapa wala kwingine."

Ng'washi alikuwa amesimama pembeni na kifurushi chake tayari. Timotheo alisikia kila neno kutoka barazani. Akajiambia atasema ng'ombe akishafungwa, mzee apumzike kwanza. Ng'ombe akafungwa. Akajiambia amfuate Mchungaji faragha, ni heshima zaidi. Mchungaji alikuwa na wageni. Akajiambia basi, kabla ya kisu. Alipofika nyuma ya kanisa, Dereva alikuwa amelala chini na vijana wanaosha mikono. Hakuna mtu mwepesi wa kupata sababu kama mwoga, na Timotheo siku ile alikuwa mwoga kuliko wote waliokuwa Ipogolo.

Mchana watu wakaketi uwanjani. Bujiku aliagiza ini limwendee fundi, kwa kuwa ndiye aliyeharibiwa kazi. Ng'washi akalileta kwenye sahani ya bati, akapiga magoti mbele yake kama alivyofunzwa kwao.

"Naomba unisamehe, kaka fundi," akasema kwa sauti ndogo. "Kazi yako ilikuwa nzuri. Herufi niliziona."

"Usijali," Timotheo akasema.

"Kinachonisumbua ni kimoja. Mpaka leo naiona mikono yangu ikikunja kile kitambaa na kukiweka kwenye kiti. Naiona kabisa. Sasa mikono yangu ikinidanganya hivi, nitaiamini tena kwa kazi gani?"

Timotheo aliweka sahani chini.

"Ulikikunja," akasema.

"Unasema?"

"Ulikikunja ukakiweka kwenye kiti." Akasimama, na kwa kuwa alishindwa kulisema kwa sauti ya chini, lilimtoka kwa sauti ambayo uwanja mzima uliisikia. "Niliigusa kadi mashine ikiwaka! Dada huyu alinisomea nisiiguse. Niliitikisa kwa mkono wangu ikaungua. Kitambaa nimekiweka mimi, nikizima moshi. Yeye hakuwepo. Nimenyamaza mpaka ng'ombe wa watu amechinjwa."

Mchungaji Saulo alifumba macho, maana alikumbuka ni nani aliyetamka neno kitambaa kwanza.

Ng'washi aliinuka kutoka magotini. Hakulia. "Nilikikunja," akasema taratibu, halafu akarudia akimgeukia baba yake, kwa Kisukuma.

"Binti yangu," Mchungaji akasema, "nimekukosea mbele ya watu, na mbele ya watu naomba radhi. Funguo za ofisi ni zako."

"Nitazichukua kesho, Mchungaji. Leo nipo na baba." Na kifurushi chake akakirudisha ndani.

Timotheo alikuwa bado amesimama. Akamgeukia Bujiku. "Mzee wangu, niambie nifanye nini. Nitakutafutia ng'ombe mwingine."

"Dereva nilimkuza mwenyewe tangu ndama," Bujiku akasema. "Huyo mwingine utamtoa wapi?"

Timotheo akachukua mkoba wake aondoke.

"Kaa," mzee akasema. "Hujala."

"Siwezi, mzee."

"Wakati anachinjwa uliweza kunyamaza. Kaa. Nimesema tukimla pamoja kesi imekufa, na mimi sina maneno mawili. Kula."

Timotheo akaketi. Ini lilikuwa limepoa. Akakata kipande, akatia mdomoni, akatafuna bila mate, na machozi yakamtoka mbele ya watu wote. Bujiku akavuta kiti chake, akakaa naye karibu kabisa, akimwangalia. Kila kipande kilipomkwama fundi, mzee alimsogezea maji, akangoja ameze, kisha akamwonesha sahani tena.