Aliyesikia kwa Kidevu

Kila asubuhi, kabla ya kuwasha taa ya meza, fundi wa visukuku alisukutua kinywa kwa maji matupu, kwa sababu chai na ulimi wa kazi haviendi pamoja. Kazi yake katika karakana ya makumbusho ilikuwa kumtoa mnyama kwenye jiwe, punje kwa punje, kwa sindano na brashi, na ndiyo maana wenzake walimwita Sindano. Pale ambapo mfupa na jiwe vilifanana rangi, aliramba. Mfupa wa kale una vitundu, hushika ulimi kidogo, jiwe huuachia. Mafundi wote wa kazi hiyo huramba, ila hawarambi mbele ya wageni.

Jumatatu hiyo alikuwa amerudi kutoka likizo ya uzazi. Mezani alikuta mawe mawili bapa, yamelazwa juu ya mifuko ya mchanga. La kwanza lilikuwa na ndege wa zamani sana, mwenye meno mdomoni na kucha kwenye mabawa, ameatamia mayai yake. La pili lilikuwa na mnyama asiyezidi panya kwa ukubwa, amejikunja shimoni, watoto wake watatu wamebanana kifuani pake. Majivu ya mlima yaliwafunika wote, enzi ambayo hapakuwa na mtu duniani wa kuwapa jina. Sindano aliramba ubavu wa yule mama. Ulimi ukashika, kwa hiyo ni mfupa. Kisha akaonja utamu.

Akaramba tena, maana fundi haamini mara moja. Yalikuwa maziwa. Hakuhitaji kuambiwa, kwa sababu blauzi yake mwenyewe ilikuwa imeloa maziwa tangu alipoketi.

"Daktari," aliita, "huyu ananyonyesha."

"Alikuwa ananyonyesha," Daktari alimsahihisha kutoka meza ya pili, bila kuinua uso.

"Njoo uone."

Daktari alikuwa daktari wa mifupa ya kale, si wa watu, jambo ambalo majirani zake walikataa kulielewa; bado walimpelekea vikohozi vyao hadi mlangoni. Alikuja, akainama, akanusa, akatoa ulimi.

"Ananyonyesha," alikubali, akaenda kutafuta chupa.

Ilikuwa siku ya furaha kwake, na furaha ya Daktari ilikuwa ya maswali. Kwa miaka alikuwa amebishana na wenzake kama wanyama hawa wa mwanzo walinyonyesha, na ushahidi wake wote ulikuwa meno. Mtoto wa mjusi huzaliwa na meno tayari, ajitafutie. Mtoto wa kunyonya hana haraka. Meno yake hukaa ndani ya ufizi yakisubiri, na hawa watatu walikuwa vibogoyo. Sasa alikuwa na chupa mkononi, vuguvugu, yenye utando wa mafuta juu. Shida, alisema, ni kwamba hakuna jarida litakalopokea chupa. Wanataka mfupa.

Wiki hiyo hiyo ndege naye alianza. Kila mlango ulipofunguliwa na upepo kuingia, alama za manyoya yake zilisimama jiweni, kisha zikalala mlango ulipofungwa. Daktari alieleza kwamba pengine huyo ni baba, kwa kuwa katika ndege wa kale inaelekea akina baba ndio walioatamia. Mlinzi wa zamu, ambaye mkewe alikuwa akimlalamikia kwamba hasaidii kulea, aliomba jambo hilo lisitangazwe.

Meneja wa makumbusho alikuja kuona kwa macho yake. Hakuwa mtu mbaya. Alishika jiwe la ndege, akaliona lina joto la shati lililotoka kupigwa pasi, akaamua pale pale. Iletwe hita. Dirisha lifungwe. Kibandikwe kibao: ANAATAMIA, ASISUMBULIWE. Na yule mama asitenganishwe na watoto wake kwa sababu yoyote, hata ya kupigwa picha. Wapiga picha wamfuate alipo. Yataandaliwa maonyesho makubwa, yaitwe Mama na Baba wa Kwanza.

Sindano aliona saa ya kuomba imefika, maana chuma hupigwa kikiwa moto.

"Meneja, nami naomba saa moja mchana nikamnyonyeshe mwanangu. Si mbali, ni mtaa wa nyuma."

"Ruhusa hiyo ipo," alisema meneja kwa upole. "Ipo kabisa. Tusubiri maonyesho yapite."

"Mtoto hajui maonyesho."

"Ndiyo maana nakuambia wewe."

Mtoto alikuwa na miezi minne na alilelewa mchana na bibi yake, mama yake Sindano, aliyemwita Bwana Mkubwa kwa sababu kila mtu nyumbani alimtumikia na yeye hakuridhika. Chupa aliitema. Kijiko alikifungia mdomo. Alilia mpaka sauti ikakauka, akalala kwa uchovu, akaamka akaendelea alipoachia. Bibi alipiga simu karakana.

"Bwana Mkubwa amegoma tena."

"Mwimbie, mama."

"Nimemwimbia mpaka nyimbo zimeisha. Hanitaki mimi, anakutaka wewe."

Sindano alikata simu akaenda chooni kujikamua. Alitaka kuweka maziwa yake kwenye jokofu la karakana, lakini jokofu lile lilikuwa la sampuli tu, na chupa za maziwa ya jiwe zilikuwa zimepangwa humo, kila moja na lebo yake. Ya kwake aliyamwaga kwenye sinki, akafungua bomba yasionekane. Iliuma kuliko alivyotegemea. Kisha akarudi kukaa karibu na yule mama wa jiwe, kwa kuwa meneja alikuwa ameagiza asiachwe peke yake hata kidogo.

Siku moja bibi alichoka kupiga simu, akambeba Bwana Mkubwa mpaka langoni. Karakana haikuwa mahali pa mtoto, kwa sababu ya vumbi la mawe, na hilo ni kweli tupu. Lakini mlinzi alimpisha Sindano kwenye benchi lake, akageuka kutazama barabara kwa heshima, na Bwana Mkubwa akanyonya pande zote mbili, akacheua, akalala mdomo wazi. Bibi alibaki naye hapo hapo mpaka jioni, na kila alipoamka Sindano alitoka. Hakulia hata mara moja.

Siku hiyo jiwe la yule mama lilikaa kavu.

Daktari aliligeuza, akaligusa, akaliramba. Hakuna. Alimuuliza Sindano ni kitu gani kimebadilika leo, naye akamwambia ukweli, maana hakujua kama una madhara. Daktari aliweka chupa chini. Kisha akavuta lenzi, akaisogeza kwenye kichwa cha mnyama, akamwita.

"Unaona vifupa hivi nyuma ya taya? Mimi na wewe tunavyo, ila vyetu viko ndani ya sikio. Zamani vilikuwa vya taya. Wazee wa wazee wetu walitafunia hivyo. Vikahama kidogo kidogo, kizazi kwa kizazi, mpaka vikawa vya kusikilizia. Vya huyu viko njiani. Bado havijaachana na taya."

"Kwa hiyo alisikia kwa kidevu."

"Akikilaza ardhini, ndiyo. Anasikia kinachopita chini." Daktari aliinua uso, macho yanang'aa kama ya mtoto aliyepewa saa aifungue. "Anamsikia mwanao. Akilia kule, maziwa yanashuka huku."

"Hata mimi namsikia," alisema Sindano. "Akilia kule, yangu yanashuka. Mbona mimi hunipimi?"

"Wewe ni binadamu. Kwako linajulikana."

Alisema hivyo bila ubaya, akarudi kwenye lenzi. Baada ya muda akageuka tena, na safari hii hakumtazama usoni. Alimwomba mtoto asiletwe langoni kwa sasa. Akinyonya halii, na asipolia, jiwe litakuwa kavu mbele ya wageni. Ni mpaka maonyesho yapite tu. Aliona aibu kuomba, na aliomba. Siku iliyofuata mlinzi alipewa maagizo ya maandishi, na benchi likahamishiwa ndani ya uzio.

"Ndege wa mawe ana hita," bibi alisema jioni hiyo, "panya wa mawe hatenganishwi na wanawe. Sasa wewe umekosea wapi, kuwa hai?"

Sindano alikuwa amemshika Bwana Mkubwa, ambaye alinyonya dakika chache akachoka, kwa sababu alikuwa amemaliza nguvu zake zote mchana. Alimtazama sikio. Lilikuwa dogo, laini, limekunjwa kwa ustadi, na mle ndani vile vifupa vilikuwa vimeshafika mwisho wa safari yao. Alijiuliza kinasikika nini humo mama anapokuwa hayupo.

Maonyesho yalifunguliwa mchana wa Jumamosi. Foleni ilizunguka jengo. Watu walimtazama ndege akisimamisha manyoya kila mlango ulipofunguliwa, na wengine walitoka wakaingia tena kwa ajili hiyo tu. Meneja alihutubia juu ya upendo wa mama, ambao ni wa kale kuliko milima. Alipofika hapo, jiwe la pili liliroa. Maziwa yaliteremka juu ya vichwa vya wale watatu, yakafika kwenye mchanga, na ukumbi mzima ukapiga makofi.

Sindano alikuwa amesimama nyuma kabisa. Alijua Bwana Mkubwa analia muda huo. Aliweka mkono kifuani, akakuta blauzi ni kavu.

Maziwa yake hayakurudi. Bwana Mkubwa alikubali uji mwepesi, kisha chupa, kisha akaacha kulia mchana. Jioni Sindano alipofungua mlango alimgeukia, akamchunguza kama mgeni mwenye sura anayoifahamu, akarudisha kichwa chake begani kwa bibi. Bibi alimsukuma mbele taratibu. "Mama yako huyu," alimwambia. Mtoto hakupinga, alishikwa tu. Usiku Sindano alilia, si sana, akiwa amefunika mdomo ili asimwamshe.

Maonyesho yaliongezwa muda, yakaongezwa tena. Meneja alipokutana na Sindano kwenye ngazi alimwambia, "Ile saa yako naikumbuka," naye akamjibu asante.

Kwa kuwa mtoto halii tena, Daktari alitarajia jiwe likauke, na alikuwa na huzuni ya kweli. Halikukauka. Jumatatu moja liliroa asubuhi, likaroa adhuhuri, na mara hii maziwa yalikuwa mengi mpaka mifuko ya mchanga ikabidi ibadilishwe.

"Mwanao ameanza tena?" aliuliza.

"Wangu halii siku hizi."

"Basi ni nani?" Daktari alikuwa tayari ameshika chupa mpya, na uso wake umejaa hamu ya kujua.

Sindano aliondoka mezani, akapita ukumbini mpaka kwenye dirisha la tiketi. Binti wa tiketi alikuwa amerudi kazini asubuhi hiyo kutoka likizo ya uzazi. Alikuwa akiwaelekeza wageni, mama na baba wa kwanza ni kushoto, tafadhalini msiwasumbue, huku mkono mmoja ukibana leso chini ya koti. Sindano alifungua mfuko wa aproni, akatoa kitambaa safi cha kufutia visukuku, akampitishia dirishani.

"Ushaomba?" alimuuliza.

"Nimeomba, dada. Kaniambia ipo kabisa, nisubiri maonyesho yapite."

Sindano aliinua macho. Juu ya mlango wa ukumbi fundi wa rangi alikuwa ameshuka kwenye ngazi yake na sasa anakunja magazeti aliyotandika chini. Kibao kilikuwa kipya, herufi zake bado mbichi: MAONYESHO YA KUDUMU.