Mtandao Uliotutangulia

Mimi si mtu wa kushuku ovyo. Nikishuku, huwa nina takwimu mkononi. Ndiyo maana ilipofika mwezi wa tatu wa upimaji nilianza kukosa raha: kila mji tulioingia, mtandao ulikuwa safi mno.

Zamani kampuni za simu zilijipima zenyewe na kutuletea majibu ofisini, kama mwanafunzi anayejisahihishia mtihani. Sheria mpya ikatupa kazi hiyo sisi wa mamlaka ya mawasiliano. Tunazunguka na gari lenye simu sita, zinapigiana zenyewe kutwa nzima, na kompyuta inahesabu ngapi zimekatika. Zikikatika zaidi ya mbili katika kila mia, kampuni inapunguziwa muda wa leseni. Niliipigania sheria hiyo mpaka sauti ikanikauka, kwa hiyo mnisamehe nikiiona kama mali yangu.

Sasa faili langu la malalamiko lilikuwa nene kama tofali. Fundi cherehani mmoja alikuwa ameandika mara nne kwamba akitaka kuongea na mteja hupanda ngazi ya jirani. Tukaegesha mbele ya kibanda chake. Simu sita zikapigiana asubuhi nzima, hata moja haikukatika.

"Basi watakuwa wamejua mnakuja," alisema fundi, macho hayatoki kwenye sindano. Simu yake ilikuwa ndani ya droo. Sikumwomba aitoe, na kosa hilo ni langu peke yangu.

Wamejua. Wamejuaje? Ratiba ya safari ilijulikana na watu watatu: mimi mpimaji mkuu, mkurugenzi, na dereva wetu, mtu mzima ambaye wenzake walimbandika jina la Taratibu kwa sababu hajawahi kulipita gari la mtu. Mimi sikuiuza. Mkurugenzi akishika ramani anaishika juu chini. Akabaki Taratibu.

Nikaanza kumchunga. Kila tulipokaribia mji alisimamisha gari, akashuka, akaenda nyuma kabisa, akaongea na simu huku amefunika mdomo kwa kiganja. Nikisogea, anakata.

"Nani huyo?"

"Mambo ya nyumbani tu, Injinia."

Mambo ya nyumbani kila baada ya kilomita sitini! Nikaandika saa na mahali kwenye daftari.

Kisha nikamtega. Ratiba ilitupeleka kaskazini, lakini tukiwa njiani nilimwambia akate kushoto, twende machimbo ya kokoto, mahali ambapo hata mimi nilikuwa nimepafikiria dakika ileile. Akasimama kama kawaida yake, akashuka, akanong'ona na simu. Tulipofika machimboni, mtandao umejaa tele. Nikaona nimemnasa. Nani mwingine angewaambia?

Barua niliiandika siku hiyohiyo, na sitadanganya, niliiandika kwa raha. Mkurugenzi aliisaini akiwa wima. Kesho yake ikasomwa kwenye uwanja wa magari, mbele ya madereva wote, na jina lake likatajwa: mwenzao amevujisha siri za kazi, amesimamishwa. Taratibu alisikiliza kofia mkononi, akanikabidhi ufunguo wa gari, akaondoka bila neno. Hata ukimya wake nikauhesabu kama ushahidi.

Jumapili nilikwenda kwa Mama. Nilimkuta jikoni, amepanda juu ya ndoo iliyopinduliwa, simu ameinyoosha dirishani.

"Mama, shuka, utavunjika kiuno!"

"Nishuke nimpate vipi dada yako? Hapa ndipo inaposhika."

Kwenye mkoba nilikuwa na simu moja ya kazi. Nikaitoa ili nimsaidie. Mtandao umejaa. Nikaitazama ya Mama: haina kitu. Kampuni moja, jiko moja.

"Hiyo ya serikali," Mama akacheka. "Sisi walalahoi tunapanga foleni."

Alikuwa anatania. Mimi nikalishika neno hilo la foleni. Nikafungua simu zote mbili, nikabadilisha laini: yake kwenye simu yangu, yangu kwenye yake. Simu ya kazi ikafa ganzi. Simu ya Mama, kuukuu, kioo kimepasuka, ikampata dada haraka hata kabla Mama hajaiweka sikioni. Akashuka kwenye ndoo anaongea kwa furaha, na mimi nikaikalia ndoo hiyo.

Hakuna aliyevujisha chochote. Kanuni tuliyoitunga wenyewe inataka kila laini isajiliwe kwa jina la mwenye kuitumia, na zetu zote zilisajiliwa kwa jina la Mamlaka. Kampuni haikuhitaji kujua tunakwenda wapi. Ilizitambua laini zetu tu, ikazifungulia masafa yenye nguvu ambayo wateja wamefungiwa, ikawa inazipitisha mbele ya foleni popote ziendapo.

Jumatatu nilimweleza mkurugenzi. Akafunga mlango kwanza.

"Fikiri vizuri," alisema. "Sasa hivi tuna mvujishaji mmoja, tumemtoa, yamekwisha. Ukiifuta ile barua, kazi ya miezi mitatu ni takataka, na aliyeiongoza ni wewe."

"Ulikuwa unajua habari ya laini?"

"Mimi nasaini ninacholetewa, mama."

Mpaka leo sijui kama alijua. Alinipigapiga begani, na nilipotoka nje nikajikuta nalifuta hilo bega kwa mkono.

Taratibu nilimkuta nyumbani kwake, yuko chini ya meza, anakaza mguu uliolegea. Hakutoka. Ilibidi nichuchumae ndipo tuongee. Nikamwambia yote, kisha nikamwuliza zile simu za kujificha zilikuwa za nini.

"Fundi makanika. Gia ya pili ilikuwa inaruka. Kabla hatujaingia kwenye msongamano au njia mbovu namwuliza niibembeleze vipi."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Wewe unaandika kila kitu, Injinia. Ungeandika, gari lingeegeshwa, na safari zako, jinsi ulivyokuwa unazipenda, zingekufa."

Nililia, tena kwa sauti, nimechuchumaa kwenye sakafu ya mtu niliyemwita msaliti. Nikamwahidi barua ya pili. Nikasema nitaipeleka juu, mpaka kwa bodi.

"Bodi siijui mimi," alisema. "Shemeji zangu wawili ni madereva pale. Mmoja alikuja jana kumsalimia dada yake. Hakuketi. Mimi hakunipa mkono." Akakaza parafujo, akajaribu meza kwa kiganja. "Ile ya kwanza ilisomwa uwanjani."

Jumanne asubuhi, kabla magari hayajatoka, nilisimama palepale kwenye uwanja wa magari. Juu, pazia la mkurugenzi lilisogea kidogo, likatulia. Nikasoma kwamba mpimaji mkuu amemsingizia dereva asiye na hatia, kwamba laini za upimaji zilikuwa zikipendelewa, na kwamba vipimo vyote vya miezi mitatu havifai.

Nilipomaliza hakuna aliyepiga makofi. Dereva mmoja, aliyesimama nyuma karibu na pampu ya mafuta, akanyoosha mkono.

"Mimi ni shemeji yake," alisema. "Ile siku walimtaja kwa jina. Wewe umesoma 'mpimaji mkuu.' Mpimaji mkuu ni nani?"

Nikarudi kwenye mstari wa kwanza, nikayataja majina yangu yote matatu.